Asubuhi ya mgao

Desemba 2019 nilikuwa nimepanga Kirumba, Mwanza, jirani na mwalo wa samaki, kwenye chumba ambacho alfajiri upepo wa ziwa hukujia na harufu ya dagaa. Akina mama wauza dagaa niliwaandikia programu ya VICOBA vyao, vile vikundi vya kuweka na kukopa: hisa, mikopo, faini, zamu za kukopa. Majina ya majedwali niliyaweka kwa Kiingereza, kama tulivyozoea chuoni. Jedwali la vikundi likaitwa groups, safu ya zamu ikaitwa rank.

Usiku wa kuamkia mgao, siku ya kugawana akiba, nikahamisha seva kutoka MySQL 5.7 kwenda 8.0; MySQL ndiyo programu inayotunza majedwali hayo. Saa kumi na moja alfajiri akanipigia mweka hazina.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona vikundi havionekani? Kuna maandishi mekundu tu. Hela za watu ziko wapi?"

Hela zilikuwepo, hata rekodi moja haikupotea. Kosa lilikuwa lile namba 1064, la sarufi, na lilikuwa linaonyesha neno groups. Toleo la 8.0 lilileta amri mpya za kupanga na kulinganisha mistari ya jedwali, na amri hizo zikaja na maneno yake: RANK, GROUPS, LEAD, LAG, ROW_NUMBER. Hadi 5.7 yalikuwa majina ya kawaida. Sasa kichanganuzi, sehemu ya MySQL inayosoma amri, kikikuta groups mahali pa jina la jedwali, kinaliona ni neno lake, na sentensi nzima inakataliwa.

Dawa ni kulifunga jina kwa vile vialama vya kitufe kilicho kushoto kwa namba 1. Programu yangu ilikuwa inafunga yenyewe kila neno lililomo kwenye orodha ya maneno yaliyotengwa, yaani yale ambayo MySQL imejiwekea yenyewe, kwa hiyo nikaongeza mapya. Vikundi vikarudi. Nikashusha pumzi.

Ripoti ya mgao ikagoma. Ripoti zilikuwa na orodha yake ya pili, niliyoinakili zamani na kuisahau. Kilichonichanganya zaidi ni kwamba ripoti ya wanachama ilitoka vizuri ingawa nayo inasoma zamu. Nikaziweka mbili pamoja, mstari kwa mstari. Moja niliandika m.rank, nyingine rank peke yake. Katika MySQL neno linalofuata nukta lazima liwe jina, kwa hiyo linapita hata kama limetengwa. Nukta moja ndiyo ilikuwa imelificha kosa.

Nikazifuta orodha zote mbili. Tangu 8.0.13 MySQL ina jedwali INFORMATION_SCHEMA.KEYWORDS, linalotaja kila neno na kama limetengwa, nikaiambia programu isome humo. Baadaye niliona walivyojipanga PostgreSQL, programu nyingine ya aina ya MySQL: maneno yamo kwenye kwlist.h, sarufi kwenye gram.y, na kuna skripti inayolinganisha mafaili hayo wakati wa kujenga programu. Nilitamani ningeijua mapema.

Saa nne nilikuwa mwaloni na karatasi zangu. Mama alikuwa amekaa kwenye kreti, daftari lake la kaunta limefunguliwa magotini, wenzake wamemzunguka. Hakuzipokea karatasi.

"Soma wewe, mwanangu. Mimi nafuatisha huku."

Nikaanza na jina la kwanza, kidole chake kikashuka mstari mmoja.