Jumamosi ya Mpiga Besi Katika Bendi ya Ndugu

Wanaotuona tukipiga Jumamosi usiku huamini kwamba kazi yetu huanza saa 2:00 na kuisha saa 6:00. Shangazi yangu mmoja, ambaye ananipenda na kuniombea, bado huniuliza nitaanza kutafuta kazi lini. Kwa ajili yake na wenzake, naeleza jinsi Jumamosi iliyopita ilivyokwenda.

Bendi yetu ina watu watano, na wanne kati yao wamekulia nyumba moja ya Igoma, jijini Mwanza: kaka yangu mkubwa anapiga gitaa la solo, mimi napiga besi, mdogo wetu wa mwisho yuko kwenye dramu, na binamu yetu, mtoto wa mjomba aliyelelewa kwetu, ndiye mwimbaji kiongozi na hushika gitaa la ridhimu. Wa tano ni rafiki wa kaka anayepiga kinanda, ambaye siku hizi tunamhesabu kuwa ndugu, kwa hasara yake. Tunapiga roki laini yenye ladha ya pop, kwa Kiswahili, na nyimbo nyingi ni zetu wenyewe, jambo ambalo katika jiji lililozama katika Bongo Fleva na singeli hudai maelezo kila tunapojitambulisha. Mtu akisema roki ni muziki wa Wazungu, binamu humkumbusha kwamba Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya roki ya Queen, alizaliwa Zanzibar mwaka 1946. Jibu hilo mimi nimelichoka, kwa kuwa halijawahi kutuongezea malipo.

Saa 12:30 asubuhi nilikuwa nimeshateka maji, nimefua na kuchemsha chai, na mdogo wangu alikuwa ameshakwenda kwenye karakana ya kuchomelea vyuma, ambako hushinda hadi karibu na adhuhuri.

Saa 5:30 tulikuwa uani kwa mama, dramu zimefunikwa mablanketi ili majirani wasitufikishe kwa mjumbe. Tulikazania kitu kimoja tu, kiitikio cha wimbo mpya, ambamo sauti tatu huingia pamoja bila gitaa. Hapo ndipo undugu unapolipa: watu waliojifunza kuongea katika nyumba moja hutamka maneno kwa namna moja na huvuta pumzi mahali pamoja, kwa hiyo sauti hushikana bila kulazimishwa. Hasara yake ni kwamba kaka anapomwambia mdogo wake kuwa anakimbiza mwendo, jibu analopata halihusu mwendo hata kidogo, linahusu baiskeli iliyopotea walipokuwa shule ya msingi. Kings of Leon, bendi ya roki ya Marekani, nao walianza wakiwa ndugu watatu na binamu yao, nami hujiuliza kama kwao pia kulikuwa na baiskeli.

Saa 7:30 mchana kirikuu cha mjomba kilipakiwa, tukapita Nyakato, Mabatini, mjini, Kirumba hadi upande wa Ilemela, jua likituchoma na besi yangu nikiwa nimeipakata.

Tulifika kwenye baa ya ufukweni yapata saa 9:00. Msimamizi alitaka kwanza kuona kibali chetu cha BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, ambacho kaka hukibeba ndani ya mfuko wa gitaa kwa sababu maswali ya namna hiyo huulizwa tukiwa tumeshashusha vyombo. Karibu na jukwaa kulikuwa na soketi mbili, kila moja ikiwa na njia yake ya umeme, na mojawapo haikuwa na waya wa ethi, ule wa kupeleka ardhini umeme unaovuja. Binamu aliposogeza mdomo kwenye maiki huku ameshika nyuzi za gitaa, alipigwa shoti ya midomo. Waliokuwa kaunta walicheka, lakini jambo lenyewe halichekeshi: gitaa limeungwa kwenye amplifaya hii, maiki kwenye mitambo ile, na anayegusa vyote viwili ndiye ambaye umeme unapitia mwilini mwake. Mdogo wangu, ambaye karakana imemfundisha kuuheshimu umeme, alimkataza kila mtu kugusa chochote hadi vyombo vyote vilipochukua umeme kutoka soketi moja ya jikoni yenye ethi, kwa waya mrefu tuliokwenda kuuazima kwa fundi wa jirani. Zaidi ya saa moja iliishia hapo, na fundi mitambo tuliyemkodi alikuwa bado hajafika. Alipofika alitaka chakula.

Tulianza saa 2:15 usiku. Mchana upepo huvuma kutoka ziwani na kuusukuma muziki kwa wasikilizaji, lakini usiku hugeuka ukatoka nchi kavu, na ilibidi spika zilizokuwa zimepangwa vizuri jioni zipangwe upya. Hapakuwa na mbalamwezi, kwa hiyo wavuvi wa dagaa walikuwa kazini na karabai zao zilionekana mbali majini. Mwezi ukiwa mkubwa hupumzika, na hao ndio wateja wetu wasikivu kuliko wote. Badala yao walikuja wale wadudu wadogo wa ziwani, wakajaa kwenye taa za jukwaa, na mwimbaji asiyejua kuvuta pumzi kwa pua huwameza.

Saa 3:30 mzee mmoja wa meza ya mbele alipanda jukwaani, akambandika binamu noti ya elfu kumi kwenye paji la uso na kuagiza wimbo wa bolingo. Binamu alimjibu kwa adabu, "Samahani mzee wangu, huo hatuna." Mzee aliuliza ni bendi gani hiyo isiyokuwa na wimbo huo, akashuka, akarudi na elfu kumi nyingine, safari hii kwa kaka, kana kwamba wimbo tulikuwa tumeuficha tukisubiri bei ipande. Alipoona hatuupigi, aliamua kuuimba mwenyewe. Alichukua maiki mkononi mwa binamu na kwenda nayo mbele ya spika, ikaanza kupiga mluzi uliowafanya watu wazibe masikio, kwa sababu maiki ikielekezwa kwenye spika huisikia sauti yake yenyewe na kuirudisha bila kikomo. Mzee aliamini mluzi ule ni njama yetu. Tulimtazama msimamizi atuokoe, naye akaja kutunong'oneza, "Huyo ni mteja mkubwa, mfurahisheni."

Kaka, ambaye alijifunzia gitaa kwenye kwaya, alianzisha sebene, ile sehemu ya gitaa ya kuchezesha watu katika bolingo. Mimi nilishika noti nne zilezile za besi na kuzirudia kwa muda ambao wimbo wetu mpya ungeweza kupigwa mara tatu, huku mzee akiimba maneno aliyoyakumbuka na kuyapigia kelele aliyoyasahau. Kilichoniuma si yeye, bali ni meza zote kusimama na kuja kucheza, meza zilezile zilizokuwa zikichezea simu tulipopiga nyimbo zetu. Babu yetu alikuwa mchezaji wa upande wa Wagalu, na katika mashindano ya ngoma ya Wagalu na Wagika huku Usukumani hapakuwa na haja ya majaji, kwani watu wenyewe walihamia kwenye ngoma iliyowavuta, na aliyebaki na uwanja mtupu alijua ameshindwa. Kwa kipimo hicho, mzee alikuwa ametushinda. Basi kaka alinikonyeza, mdogo wangu akabadilisha mapigo bila kusimama, na kwa noti zilezile za besi tukaingia kwenye kiitikio cha wimbo mpya, sauti tatu bila gitaa. Karibu nusu ya watu walibaki wakicheza, na sijawahi kuwapenda ndugu zangu kama dakika ile.

Mzee alimfuata kaka nyuma ya jukwaa wakati wa mapumziko, akitaka elfu kumi ya kwanza, akidai ilikuwa ya wimbo ambao hatukuupiga. Kaka alimrudishia.

Baada ya hapo saa zilinipotea. Najua tulipunguzwa sauti kwa hofu ya NEMC, wasimamizi wa mazingira wanaofuatilia kelele, vidole vilianza kuwaka moto, na vyombo vilikuwa vizito kuliko vilivyokuwa mchana. Msimamizi alitulipa nusu na kusema nyingine tuifuate Jumatatu. Tuligawana uani kwa mama, kwa mwanga wa simu: kwanza mafuta ya kirikuu, kisha fundi mitambo na kodi ya spika, kisha fungu la mama kwa ajili ya uwanja na chai, na kilichobaki sehemu tano sawa, bila kujali nani ametunga nini. Mdogo wangu alikuwa amelala juu ya mfuko wa dramu, akaamshwa ili tupige kura kama sebene liingizwe kwenye orodha ya nyimbo zetu za kila wiki. Kaka, binamu na yeye mwenye usingizi walikubali. Mimi na mpiga kinanda tulikataa, na hadi leo nakataa.