Picha ya gemu ikipauka, angalia kebo kabla ya kulaumu kadi

Ukilalamika kwamba gemu haina mvuto, ushauri wa kwanza utakaopewa Dodoma ni kununua kadi kubwa zaidi ya michoro, yaani kifaa ndani ya kompyuta kinachochora picha. Usikimbilie huko. Mara nyingi kadi inafanya kazi yake vizuri, ila picha inaharibika njiani kabla haijafika kwenye skrini.

Geuza kompyuta uone kebo imechomekwa wapi. Ikiwa iko juu, jirani na matundu ya USB, picha inatoka kwenye ubao mama na kadi yako huenda imekaa bure. Ihamishie chini, kwenye matundu ya kadi yenyewe.

Kisha Hz, yaani mara ngapi kwa sekunde skrini inabadilisha picha. Windows inaweza kuiacha monita ya Hz 144 kwenye 60 bila kukwambia chochote. Bofya kulia sehemu tupu ya skrini, ingia “Display settings”, kisha “Advanced display”, uchague namba ya juu kabisa. Kama haimo, shuku kebo au tundu: HDMI 1.4 kwa 1080p kwa kawaida inaishia Hz 120, wakati DisplayPort 1.2 inabeba 1440p kwa Hz 144.

Wanaotumia TV badala ya monita ndio wanaoteseka zaidi na rangi nyeusi. Kadi ikidhani inaongea na TV, hutuma rangi kuanzia 16 hadi 235 badala ya 0 hadi 255. Skrini inayosubiri 0 hadi 255 itaonyesha nyeusi kama majivu, na usiku wa kwenye gemu utaonekana kama ukungu. Kwa kadi ya NVIDIA, fungua NVIDIA Control Panel, “Change resolution”, chagua kutumia rangi za NVIDIA, kisha weka “Output dynamic range” kwenye “Full”. Kwa kadi ya AMD, tafuta “Pixel Format” uweke RGB 4:4:4 kamili. Baada ya hapo vivuli vikizama hadi adui kwenye kona haonekani kabisa, TV nayo inasubiri 16 hadi 235: rekebisha kiwango cha nyeusi kwenye menyu yake, usiguse gamma. Na washa hali ya gemu (“Game Mode”) kwenye TV, maana bila hiyo TV huchakata picha kwanza na kidole chako kinatangulia kile unachokiona.

Kwenye monita, setingi inayochezewa vibaya kuliko zote ni “Overdrive”, inayoharakisha nukta za skrini kubadili rangi. Ikiwa chini mno, kitu kinachokimbia huacha mkia mweusi. Ukiipandisha hadi mwisho, mkia unageuka mweupe unaong'aa, na huo unaudhi zaidi. Kiwango cha kati kinatosha karibu kila mara. Hakikisha kwa tovuti ya TestUFO, inayoonyesha vitu vikikimbia kwenye skrini.

Mwanga wa kiangazi hapa ni mkali, hivyo watu hupandisha mwangaza mchana na kuusahau usiku. Ni afadhali uweke monita ubavu kwa dirisha. Kontrasti usiisukume hadi mawingu yapoteze umbo.

Ndani ya gemu, punguza vivuli na uakisi kwanza, ndivyo vinavyokula fremu, yaani picha ambazo kadi inachora kila sekunde. Uchujaji wa anisotropiki, unaofanya sakafu na barabara za mbali zisififie, acha 16x, gharama yake ni ndogo. Ubora wa tekscha (picha zinazofunika kuta na vitu) unategemea kumbukumbu ya kadi: ya GB 4 ukiilazimisha, gemu itakwamakwama. FSR, teknolojia ya AMD ya kukuza picha, ikiwa kwenye “Quality” kwa 1080p inachora kwa 720p kisha inakuza, kwa hiyo usishangae majani yakififia. Ukiwa na FreeSync au G-Sync, zinazolinganisha Hz za monita na fremu za kadi, zuia fremu kwenye 141 kwa monita ya Hz 144, zisivuke uwezo wa monita.

Linabaki vumbi, na Dodoma tunalo la kutosha. Kadi nyingi za NVIDIA hushusha kasi zikikaribia nyuzi 83, ndiyo maana gemu hulainika dakika za mwanzo kisha ikaanza kusuasua. Zima, chomoa waya, toa kompyuta nje, zuia feni kwa kidole ndipo upulize kwa pampu. Feni ikiachwa izunguke kwa upepo huo, beringi zake zinaweza kuharibika.