Mguu wa kushoto
Mama mmoja mgonjwa wa saratani alikuja kwangu nimkande, amefunga kilemba, karatasi ya daktari mkononi. Kabla hata hajaketi alinieleza kwamba mkandaji wa kwanza aliyemwendea alimkatalia, eti ukimkanda mgonjwa wa saratani unausambaza ugonjwa. Maneno hayo yaliniuma. Damu huenda mbio zaidi mtu akipanda ngazi kuliko akikandwa taratibu, na ngazi hakuna aliyemkataza.

Niliuliza maswali mengi kuliko kawaida. Titi la kulia lilikuwa limeondolewa pamoja na tezi za kwapani, kwa hiyo mkono wa upande ule ulikuwa mwepesi wa kuvimba. Chini ya mtulinga palituna kidude cha kupitishia dawa, hapo hapaguswi. Kwenye karatasi ya daktari nilitazama pia idadi ya chembe za kugandisha damu. Zilikuwa zaidi ya 100,000 kwa kila mikrolita ya damu. Zingekuwa zimeshuka sana ningempaka mafuta tu, maana ngozi ya namna hiyo ukiibonyeza kidogo damu inavilia.

Mafuta yenyewe hayakuwa na harufu. Wenye kichefuchefu cha dawa huweza kutapika kwa marashi ambayo zamani waliyapenda.

Nilianza na mkono wa kushoto. Kucha zilikuwa zimeingia weusi, na ncha za vidole alisema amezisahau: "Kama nimevaa glavu, mwanangu." Ganzi hiyo huletwa na dawa za saratani kama paclitaxel. Nikashika kidole kimoja kimoja, nikikiacha kitulie kiganjani mwangu. Pumzi yake ikaanza kurefuka. Kazi hii kwangu ndiyo hapo hasa, mwili uliodungwa na kukatwa miezi mingi unapoguswa bila kuumizwa.

Nilipofika miguuni akazinduka.

"Hapo kwenye shavu la mguu bonyeza kwa nguvu. Pananikaza tangu juzi."

Nikaweka mgongo wa kiganja. Palikuwa na joto. Nikalinganisha na mguu wa kulia. Wa kushoto ulikuwa mnene zaidi, ngozi imevutika na kung'aa. Nikaondoa mikono.

Saratani na dawa zake huifanya damu igande upesi. Donge likiwa ndani ya mshipa, kulikanda kunaweza kulichomoa likapanda hadi kwenye mapafu, na mtu akafa.

"Mama, mguu huu siukandi. Inabidi tumwone daktari sasa hivi."

Alinitazama macho yakamlenga. "Na wewe umenikataa?"

Sijapata kuulizwa swali zito kama lile. Nilimweleza, lakini niliona maelezo hayamwingii. Alichokiona ni mikono imeondoka. Basi nikafunga mlango wa chumba cha kazi nikaenda naye. Muda wote tuliongoja nilimshika ule mkono wa kushoto, nikipitisha kidole gumba juu ya zile kucha nyeusi. Kipimo cha mawimbi ya sauti kilionyesha donge kwenye mshipa wa ndani, akaanzishiwa dawa ya kuzuia damu kuganda.

Alirudi baada ya majuma kadhaa na kibali cha daktari. Nikamlaza, nikaufunika mguu wa kushoto kwa blanketi ukae vivyo hivyo.

"Leo huniachi katikati?"

"Sikuachi, mama."

Nilikuwa sijamaliza kidole cha tatu alipopitiwa na usingizi.