Nilivyochagua kifaa cha kazi nyingi, na ninavyokibeba kila siku

Kazi yangu ni kufunga na kutunza pampu za maji zinazoendeshwa kwa umeme wa jua, pamoja na mipira ya umwagiliaji wa matone, hasa katika mashamba ya zabibu ya Hombolo, Mpunguzi na Mvumi, mkoani Dodoma. Ninasafiri kwa pikipiki, na sanduku la vifaa hubaki limefungwa kwenye kerea. Shamba la ekari mbili au tatu linatosha kumchosha fundi kwa kwenda na kurudi tu: umepiga magoti mwisho wa mstari wa mizabibu, kiungio kinavuja, mwenye shamba amekusimamia, na bisibisi unayoihitaji iko kwenye pikipiki chini ya mbuyu, upande wa pili wa shamba. Hiyo ndiyo haja iliyonifanya nitafute kifaa kimoja kinachokaa mwilini, chenye koleo, kisu na bisibisi ndani yake. Sikukusudia hata kidogo kiwe mbadala wa sanduku, na nadhani wengi wanaonunua vifaa hivi kisha wakavilaumu walikuwa na matumaini hayo.

Kabla ya kununua nilitembea na kijitabu, na kila nilipolazimika kurudi kwenye pikipiki nikawa naandika nimefuata nini. Nawashauri wanaotaka kununua wafanye hivyo kwanza, kwa sababu mtu akiulizwa anahitaji vifaa gani hutaja vile anavyovipenda, na vile anavyovitumia kweli humtoka akilini. Mimi ningeapa kwamba bisibisi ndiyo inayoongoza. Kijitabu kilionyesha koleo: kukaza klipu ya mpira, kusokota waya wa kufungia, kuchomoa pini iliyoshika kutu, kuushika mpira uliojaa tope usiteleze mkononi. Kisha kilifuata kisu, kwa ajili ya kukata mpira na kamba za katani na kufungua mifuko ya mbolea. Bisibisi ya nyota ilikuwa ya tatu, na ile ya bapa ilifuata mbali kidogo. Jambo ambalo sikulitarajia ni msharasi. Maji ya visima vyetu vingi yana chumvi, na maji ya bwawa la Hombolo yanajulikana kwa chumvi hiyo, kwa hiyo vitundu vya kudondoshea maji hujiziba kwa ukoko mweupe ambao hauondoki kwa kupuliza. Unahitaji kitu chembamba chenye ncha. Kifungulio cha makopo hakikuandikwa hata mara moja.

Na kuna miiba. Anayeishi kanda hii hahitaji kuelezwa habari za miiba ya migunga, ambayo hupenya soli ya kandambili na tairi la pikipiki kwa urahisi uleule. Mwiba ukikatikia ndani ya tairi, vidole haviwezi kuutoa, na ukiuacha unatoboa tyubu mpya dakika chache baada ya kuifunga. Ncha nyembamba za koleo huufikia, mradi taya zikutane sawasawa, jambo nitakalolirudia kwa kuwa ndilo lililoniamulia ununuzi wangu.

Vifaa hivi vina koo mbili. Ukoo wa kwanza umezaliwa na kisu: Karl Elsener alifungua karakana yake huko Ibach, Uswisi, mwaka 1884, akaanza kulipatia jeshi la nchi yake visu vya kukunja mwaka 1891, na mwaka 1897 akasajili kile kisu cha maofisa ambacho ndicho baba wa visu vyekundu vya Victorinox tunavyoviona leo. Ukoo wa pili umezaliwa na koleo. Tim Leatherman, Mmarekani, alizunguka Ulaya mwaka 1975 kwa gari kuukuu aina ya Fiat lililokuwa likimsumbua njiani, akiwa na kisu cha mfukoni tu, na kila mara alichokikosa ni koleo. Alirudi akaanza kutengeneza kifaa ambacho koleo liko katikati na zana nyingine zimekunjwa ndani ya mikono yake, ingawa kiliingia sokoni mwaka 1983, kikitengenezwa Portland katika jimbo la Oregon. Kwa mtu wa ofisini, ambaye hufungua bahasha, humenya chungwa na kukaza skurubu ya miwani, ukoo wa kisu unafaa zaidi, kwa kuwa ni mwepesi na una mkasi mzuri. Kwangu kijitabu kilikwisha kuamua: koleo.

Nilianzia kwenye maduka ya hadiwea yanayozunguka soko la Majengo. Vifaa vingi vinavyouzwa huko huja katika kiboksi chenye maandishi makubwa yanayotaja idadi ya kazi, na muuzaji hukusomea idadi hiyo kana kwamba ndiyo ubora wenyewe. "Fundi, chukua hiki, kina kazi kumi na nane," aliniambia kijana mmoja, "na ni chuma cha pua, hakishiki kutu maisha." Nilimwomba aniruhusu nikikague, akaniruhusu kwa moyo mkunjufu. Nilifunga taya za koleo na kukiinua kifaa kuelekea mlangoni, ambako jua lilikuwa kali. Mwanga ulipita kwenye ncha; taya zilikutana nyuma, karibu na egemeo, na mbele zikaachiana nafasi ambayo mwiba ungepita bila kuguswa. Nilipobana mikono kwa nguvu zaidi, mikono yenyewe ilijipinda, na taya moja ikateleza upande juu ya mwenzake. Nikafungua bisibisi ya nyota: kingo zake zilikuwa za mviringo tangu dukani, na bisibisi ya namna hiyo hula kichwa cha skurubu badala ya kuizungusha. Nikafungua kisu, nikakisukuma kidogo kwa kidole gumba upande wa mgongo wake, nacho kikajikunja kurudi, kwa kuwa hakikuwa na kizuizi chochote cha kukishikilia kikishafunguliwa.

Hilo la mwisho ni la usalama. Kisu kinachokunjwa huweza kujifunga juu ya vidole vya anayekitumia pale anapokichoma kwenye kitu kigumu, na bisibisi isiyo na kizuizi hufanya vivyo hivyo ukiwa umeikandamiza kwa uzito wa mwili. Kwa hiyo nilijiwekea sharti kwamba kila kinachofunguka na kubeba nguvu kiwe na kizuizi chake. Sharti lingine lilikuwa kisu kifunguke kutoka nje ya mikono, bila kulikunjua koleo kwanza, na kwa mkono mmoja, kwa kuwa mkono wa pili huwa umeshika mpira unaomwaga maji. Nilitaka pia kifaa kiwe kimeunganishwa kwa skurubu na si kwa ribiti, kwani egemeo la skurubu likilegea hukazwa, na la ribiti likilegea halina dawa.

Uzito ndio ulionichelewesha. Katika vifaa vya Leatherman nilivyovilinganisha, Skeletool ina gramu 142 na Wave+ ina gramu 241, na tofauti hiyo, ndogo kwenye karatasi, huisikia kiunoni kufikia saa tisa alasiri. Kile chepesi kina koleo na kisu kizuri, lakini hakina msumeno, tupa wala mkasi. Kile kizito kina vyote hivyo, na sehemu yake ya kukatia waya inaweza kubadilishwa ikipata pengo. Nilichukua kizito, kwa sababu ya mkasi na ya zile sehemu za kukatia. Mkasi naujua thamani yake katika kukata tepu nyeupe ya mabomba, ambayo kisu huivuta na kuichana badala ya kuikata. Nilikipata kupitia ndugu aliyekuwa akirejea kutoka nje ya nchi, kwa bei inayozidi mara kumi ile ya kiboksi cha Majengo. Kuhusu dhamana ya miaka 25 inayotajwa sana, sikuipa uzito mkubwa: kukirudisha kifaa kwa mtengenezaji aliye Marekani ukiwa Dodoma ni gharama na subira, na mimi nilithamini zaidi kile ninachoweza kukifungua na kukirekebisha mwenyewe mezani.

Hapa niseme jambo kwa mafundi wenzangu wa umeme. Mikono ya vifaa hivi ni chuma kitupu, haina mpira wa kuzuia umeme, na haifai kugusa waya wenye moto. Umeme wa majumbani kwetu ni wa volti 230, na wengi huuogopa inavyostahili, lakini paneli za jua huwadanganya watu kwa kuwa moja moja huonekana za upole. Paneli kubwa nyingi za pampu hutoa volti 40 hadi 50 zikiwa hazijabebeshwa mzigo; ukiunganisha tano kwa mfululizo umepata volti 200 na zaidi za mkondo mnyoofu, na saa sita mchana hakuna wa kulizima jua. Kazi ya waya hizo naifanya kwa zana zenye mipini ya kuzuia umeme zilizo sandukuni, baada ya kukata swichi na kupima kwa mita.

Suala la kukibeba lilinichukua muda kuliko kukichagua. Mfukoni kilikuwa kinaning'iniza suruali na kugonga funguo. Kwenye begi kilikuwa mbali, na kifaa kilicho mbali ni sawa na kilicho kwenye kerea. Ilibaki mkandani, lakini ala ya kitambaa inayofungwa kwa velkro haikufaa kwa mazingira yetu: mbegu za nyasi na vumbi la kiangazi hujaa kwenye velkro mpaka isishike tena, na upepo wa Julai na Agosti hapa Dodoma haumwachi mtu. Nilimpelekea fundi viatu mmoja pale Majengo kipande cha ngozi ya ng'ombe, nikamweleza nitakacho. Aliiloweka ngozi, akaifinyanga juu ya kifaa chenyewe kikiwa kimefungwa kwenye nailoni, akaiacha ikauke ikiwa imeshika umbo, ndipo akaishona kwa uzi wa nta mistari miwili. Chini aliacha tundu la upana wa kidole, ili mchanga udondoke na usijikusanye, na juu akaweka kifungo cha chuma cha kubonyeza. Mimi nisingelifikiria lile tundu.

Mahali pa kuiweka ala hiyo panategemea unavyosafiri. Anayeendesha pikipiki asiiweke juu kabisa ya nyonga, kwa sababu akianguka upande ule chuma kinakuwa kati ya mfupa na barabara. Wala asiiweke nyuma kwenye uti wa mgongo. Mimi ninaiweka mbele kidogo ya mfuko wa kulia, ambako haichomi tumbo ninapoinama, na koti la pikipiki huifunika.

Kuifunika kuna faida nyingine. Watu hawashtushwi na koleo, lakini kisu kikifunguka ghafla katikati ya watu hubadilisha mazungumzo, na fundi anayeingia katika nyumba za watu hana budi kulizingatia. Nikiwa mbele ya wateja nalifungua koleo kwanza, hata kama ninachokihitaji ni kisu. Mzee mmoja wa Mpunguzi, baada ya kunijibu shikamoo yangu, alikitazama kwa muda kisha akauliza, "Sasa mwanangu, hicho ni kisu au ni plaizi?" Nilimkabidhi akikague, akakikunja na kukikunjua, akatoa mwiba uliokuwa kwenye soli ya kiatu chake cha tairi, akanirudishia. Katika sherehe za harusi, kwa upande mwingine, hakuna anayeulizia koleo; kila mtu ameshajua kwamba kuna kifungulio cha chupa.

Ninapokwenda kwenye ofisi za Mji wa Serikali kule Mtumba, kifaa kinabaki nyumbani au kwenye sanduku lenye kufuli, maana kumweleza mlinzi wa geti matumizi ya kila kipande ni kumpotezea muda na kujipotezea heshima. Kwenye treni ya SGR, iliyoanza kutuunganisha na Dar es Salaam mwaka 2024, mabegi hupita kwenye mashine ya ukaguzi, kwa hiyo nikienda Kariakoo kufuata vipuri sikibebi. Kwa ndege ni lazima kiwe kwenye mzigo unaokabidhiwa, kwani kisu hakiingii na abiria.

Matunzo ni machache. Chuma kisichoshika kutu huchelewa tu kushika, na chumvi ya maji yetu hukitoboa vitobo vidogo ikiachwa ikaukie juu yake, kwa hiyo jioni nakisuuza kwa maji ya mvua au ya chupa na kukifuta hadi kikauke. Mafuta ya cherehani natia tone moja kwenye egemeo na kufuta yanayozidi, kwa sababu mafuta mengi hushika vumbi na kugeuka kuwa msasa. Kisu nakinoa kwenye jiwe. Waya laini wa kufungia naukata nacho bila wasiwasi, ila seng'enge na waya mgumu wa uzio naviachia mkasi wa chuma, kwani ndivyo vinavyotia mapengo. Nati za pampu pia haziguswi na koleo hili. Hula pembe zake, na aliyekuja baada yako atakulaani. Kwa hizo bado natembea hadi kwenye pikipiki kufuata spana ya 13.