Kompyuta Ndogo, Amplifaya Iliyotumika na Spika Sita: Nilivyopanga Sinema ya Nyumbani South B

Sebule yetu katika fleti ya South B ina urefu wa mita tano hivi na upana unaokaribia mita nne. Kuta ni za mawe yaliyopigwa lipu, na sakafu ni ya vigae vitupu. Humo ndimo nilimotaka kutazamia DVD na Blu-ray nilizokusanya kwa miaka mingi, pamoja na video za harusi za ndugu zangu, huku sauti za filamu zikitoka pande zote kama walivyokusudia waliozitengeneza. Wengi wanaofika nyumbani na kuvutiwa na mpango huu huuliza kwanza nilinunua kompyuta gani. Kwa kweli kompyuta niliinunua mwisho. Nilianzia kwenye amplifaya, kwa sababu katika kazi hii kompyuta ina wajibu mwepesi kuliko vifaa vyote: inatakiwa kuitoa sauti kwenye diski na kuipitisha ilivyo, bila kuigusa, wakati kila kifaa kinachofuata kinaweza kuipunguza bila mwenye nyumba kujua.

Sauti inayoitwa 5.1 ina njia sita: kushoto mbele, kulia mbele, kati, mbili za pembeni kwa nyuma, na moja ya besi inayokwenda kwenye sabufa. Katika DVD, njia hizo hubanwa kwa mfumo wa Dolby Digital hadi kilobiti 448 kwa sekunde. Katika Blu-ray mfumo huo huo hufikia 640, na juu yake kuna Dolby TrueHD na DTS-HD Master Audio, ambazo hubanwa bila kupoteza chochote. Kebo ya mwanga, ile yenye ncha nyekundu inayowaka, hubeba ama stereo isiyobanwa ama 5.1 iliyobanwa, basi. TrueHD na DTS-HD Master Audio haziwezi kupita humo. Zinahitaji HDMI, kebo inayobeba picha na sauti pamoja, kuanzia toleo la 1.3 la mwaka 2006. Ndiyo sababu sikujali idadi ya wati iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye maboksi ya Luthuli Avenue, mtaa wa maduka ya elektroniki jijini Nairobi. Seti nyingi zinazouzwa huko kwa jina la sinema ya nyumbani huja na sabufa na spika tano, lakini mlango wao wa kuingizia sauti ni ule wa nyaya mbili tu, nyekundu na nyeupe, yaani stereo. Spika za nyuma hulia, ndiyo, ila hurudia yale yale yanayosikika mbele.

Nilitafuta amplifaya iliyotumika, yenye matundu kadhaa ya HDMI ya kuingizia na moja la kutolea, na jambo la kwanza nililolisoma kwenye kila mashine lilikuwa kibandiko cha nyuma. Mashine zilizotengenezwa kwa soko la Japani hutumia volti 100, na za Marekani volti 120, ilhali umeme wetu ni volti 240. Muuzaji mmoja alinihakikishia kwamba hilo si tatizo: "Weka transfoma tu, mkubwa, itapiga miaka." Inawezekana, lakini transfoma yenye uwezo wa kulisha amplifaya ya njia tano ni nzito, hunguruma, na siku mtu wa nyumbani akichomeka waya ukutani moja kwa moja, hadithi inaisha hapo. Nilichagua iliyotoka Uingereza, ya volti 230, yenye plagi ya pini tatu kama zetu. Nilikuwa nimebeba laptopu na kebo, nikajaribu tundu la HDMI moja baada ya jingine pale dukani, kwa kuwa katika mashine za umri huo bodi ya HDMI inaweza kuwa imekufa huku redio na taa za mbele zikifanya kazi vizuri kabisa.

Kwa kompyuta, nilichukua HP EliteDesk 800 G3 Mini iliyotumika, aina zinazoletwa kwa wingi kutoka ofisi za Ulaya, yenye prosesa ya Intel Core i5-7500T. Herufi T mwishoni ina maana: prosesa hiyo imepangiwa wati 35, hivyo feni yake haina haja ya kupiga kelele. Namba 7 nayo nilisisitiza niipate. Kuanzia kizazi hicho cha Intel, sehemu ya picha iliyo ndani ya prosesa inaweza kufungua yenyewe video zilizobanwa kwa mifumo ya HEVC ya biti 10 na VP9, wakati kizazi cha 6 hufanya hivyo kikamilifu kwa HEVC ya biti 8 tu na kuiachia prosesa mzigo uliobaki. Tofauti ya bei kati ya vizazi hivyo viwili ilikuwa ndogo. Tofauti ya kelele, katika chumba kilichotulia usiku, si ndogo. Diski ya SSD ya ndani ilitosha kwa mfumo, kumbukumbu ya gigabaiti 8 ni zaidi ya inavyohitajika, na filamu zenyewe ziko kwenye diski kubwa ya nje, kwa kuwa Blu-ray moja ya tabaka mbili inaweza kufika gigabaiti 50.

Kompyuta hizi za ofisini zina matundu ya DisplayPort, si HDMI, ila tundu lenye alama ya DP na jumlisha mbili hukubali adapta ya bei nafuu na kupitisha picha na sauti pamoja. Adapta kama hiyo hufikisha 1080p, yaani picha yenye nukta 1920 kwa upana, bila shida. Ukitaka 4K, yenye nukta mara mbili ya hizo kwa upana, kwa picha 60 kila sekunde, lazima ununue adapta yenye chipu yake, na amplifaya nayo iwe na HDMI 2.0. Marafiki walinishauri nisibaki nyuma ya wakati. Nilichukua kalamu nikapiga hesabu: runinga yetu ni ya inchi 43, upana wake ni kama sentimita 95, kwa hiyo kila nukta ya picha ya 1080p ina upana wa nusu milimita. Jicho lenye afya hutenganisha vitu vilivyopishana kwa dakika moja ya pembe, yaani sehemu moja ya sitini ya nyuzi, na kwa umbali wa mita tatu ninapokaa, hiyo ni karibu milimita 0.87. Jicho langu basi haliwezi kuiona hata nukta ya 1080p, seuze ya 4K. Fedha hizo nilizihamishia kwenye spika ya kati, ambayo ndiyo hubeba mazungumzo karibu yote ya filamu.

Mfumo niliouweka ni LibreELEC, ambao ni Linux iliyopunguzwa hadi ibaki na kazi moja tu, kuendesha Kodi, programu ya kupanga na kucheza filamu. Hupatikana bure, huandikwa kwenye flashi, na kusakinisha kwake hakuhitaji maelezo marefu. Kodi ilizaliwa kwenye mashine ya michezo ya Xbox, na hadi leo kila kitu ndani yake hufikiwa kwa vishale vinne na kitufe cha kuthibitisha, jambo ambalo mzee wangu wa miaka sabini na kitu alilizoea haraka kuliko mimi.

Mipangilio inayobeba uzito ni michache, lakini haiji ikiwa tayari. Wa kwanza ni wa kasi ya picha. Filamu nyingi zilipigwa kwa fremu 24 kwa sekunde, na runinga ikikaa kwenye 60, fremu hizo haziwezi kugawanyika sawasawa. Moja huonyeshwa mara mbili, inayofuata mara tatu, na kamera ikizunguka polepole utaona picha inachechemea. Niliiruhusu Kodi ibadilishe kasi ya skrini ilingane na ya video, hata kwa zile zilizo 23.976, na kwa video za harusi, ambazo hapa kwetu kwa kawaida hurekodiwa kwa 25, runinga huhamia 50. Wa pili ni wa sauti: nilifungua ruhusa ya kupitisha sauti bila kuifungua, kisha nikatia alama kwenye kila mfumo ambao amplifaya yangu inaujua, yaani Dolby Digital, DTS, TrueHD na DTS-HD. Ni lazima chaguo la kulinganisha mwendo wa video na skrini liwe limezimwa, kwa maana likiwashwa Kodi huirekebisha sauti kidogo kidogo, na sauti inayorekebishwa haiwezi kupita ikiwa imefungwa. Ushahidi uko kwenye kioo cha amplifaya: likitokea jina la Dolby au DTS, kompyuta haijaigusa sauti; likitokea neno PCM, yaani sauti iliyokwisha kufunguliwa, na njia mbili, kuna mahali imeshikwa.

Kuna na wa tatu, wa rangi. Kompyuta hupenda kutuma weusi kama 0 na weupe kama 255, ilhali runinga kwa desturi hutarajia 16 hadi 235. Zikikosa kuelewana, usiku wa kwenye filamu huwa kijivu au giza lote huungana kuwa doa moja. Nilichagua masafa mafupi, yaani 16 hadi 235, kwenye Kodi na kwenye runinga pia, na weusi ukarudi kuwa weusi.

Kebo inatoka kwenye kompyuta, inaingia kwenye amplifaya, na kebo ya pili inatoka hapo kwenda kwenye runinga. Wapo wanaopeleka kila kitu kwenye runinga kwanza kisha kuirudisha sauti kwa kebo ya mwanga, na kwa runinga nyingi matokeo yake ni stereo, au ukimya kabisa filamu ikiwa ya DTS. Huduma za kulipia za mtandaoni nimeziacha kwenye programu za runinga yenyewe, kwa sababu ulinzi wa hakimiliki huzifanya zitoe picha ya kiwango cha chini kwenye Linux. Sauti yake hurudi kwenye amplifaya kupitia tundu la HDMI lenye alama ya ARC, yaani njia ya kurudishia sauti, kwa kebo ile ile.

Spika ndizo zilizonichukua muda mrefu kuliko yote hayo. Kanuni ya kimataifa ya 5.1 huweka spika mbili za mbele kwenye nyuzi 30 kila upande wa mtazamaji, na kwa kuwa kochi liko mita tatu kutoka kwenye kila spika ya mbele, nafasi kati ya spika hizo nayo huwa mita tatu, na kochi na spika mbili hufanya pembetatu ya pande sawa. Spika za nyuma huwekwa kati ya nyuzi 100 na 120, yaani pembeni na nyuma kidogo ya masikio, na si kwenye pembe za mwisho za chumba kama zinavyoning'inizwa katika baa nyingi za mjini. Ya kushoto niligongomea ukutani. Upande wa kulia ni njia ya kwenda jikoni, kwa hiyo spika yake imesimama kwenye stendi, mita 1.2 tu kutoka kwenye kochi. Sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde, hivyo spika hiyo ingewahi zile za mbele kwa zaidi kidogo ya milisekunde tano; amplifaya huichelewesha kwa kiasi hicho, mradi umeiambia umbali wa kweli. Nilipima kwa futi ya fundi cherehani ingawa mashine ina maikrofoni ya kujipimia, kwani maikrofoni hiyo ilikuwa imezitangaza spika zangu ndogo za mbele kuwa kubwa na kuzipelekea besi zisiyoiweza. Nilizirudisha kwenye daraja la ndogo, nikaamuru kila kilicho chini ya hezi 100 kiende kwenye sabufa.

Nyaya zote ni za shaba, zenye unene wa milimita za mraba 1.5, zilizonunuliwa kwenye duka la vifaa vya ujenzi kwa mita, na sisikii tofauti yoyote kati yake na zile zinazouzwa kwa bei ya mbuzi. Mwangwi wa vigae na mawe ulikuwa adui mkubwa zaidi. Zulia nene mbele ya kochi na mapazia mazito yanayofika chini viliyasafisha mazungumzo kuliko kitufe chochote cha amplifaya.

Sabufa niliiweka kwanza juu ya kochi, mahali pa kichwa changu, nikapiga besi ya muda mrefu na kuzunguka chumba nikiwa nimechuchumaa, nikitafuta mahali ambapo noti zote zinasikika kwa usawa. Hapo ndipo panapoifaa sabufa, kwa kuwa njia ya sauti kati ya sehemu mbili ni ile ile kwenda na kurudi. Si pembeni kabisa, ambako kuta mbili huikuza besi hadi ikanguruma. Chini yake kuna kipande kinene cha godoro la sponji, maana zege la sakafu hupeleka mtikisiko moja kwa moja kwa jirani wa chini, mama mtu mzima ambaye jengo zima humwita Shosho. Nilishuka kumsalimia na kumwomba aniambie anachosikia. "Mwanangu, maneno siyasikii, lakini vikombe vyangu vinaongea," alinijibu. Baada ya sponji vikombe vilinyamaza, na kuanzia saa tatu usiku nawasha chaguo la amplifaya linalopunguza tofauti kati ya milipuko na minong'ono.

Umeme ukikatika, UPS ndogo, kifaa chenye betri ya akiba, huishikilia kompyuta na diski ya nje hadi nizizime kwa utaratibu. Amplifaya haimo, kwani ingeimaliza betri upesi. Yenyewe iko kwenye kifaa cha kulinda umeme kinachosubiri dakika chache kabla ya kuurudisha. Rimoti ni kibodi ndogo isiyo na waya, na siku ikipotea chini ya mito tunatumia simu yenye Kore, programu ya kuiongozea Kodi. Nimeulizwa kama nitaongeza spika mbili ziwe 7.1, kwa kuwa amplifaya inazo njia hizo. Nyuma ya kochi imebaki mita moja na nusu, na meza ya kulia chakula imekalia nafasi yote hiyo, kwa hiyo matundu hayo mawili yatabaki wazi.