Laptopu yangu iliyokuwa haivuki asilimia 80

Mimi ni karani wa chama cha msingi cha wakulima wa korosho, wilaya ya Newala. Korosho zikianza kuingia mwezi wa kumi, laptopu ndiyo daftari langu: jina la mkulima, kilo zake, gredi, namba ya akaunti atakayolipiwa baada ya mnada. Pale tunapopimia hakuna umeme. Chaji niliyotoka nayo nyumbani ndiyo ya kunivusha siku nzima, nikiizima kila foleni inapopungua. Mzee aliyesukuma gunia kwa baiskeli tangu alfajiri siwezi kumwambia arudi kesho kwa sababu kompyuta imezimika.

Laptopu yenyewe ni Dell Latitude iliyotumika, zile zinazotoka maofisini nje ya nchi. Kila kitu kilikuwa sawa isipokuwa chaji. Nikiichomeka usiku kucha, asubuhi nakuta 80. Siku nyingine nikirudi kutoka kazini na 65, naichomeka, na kukipambazuka bado ni 65 ileile. Nikigusa alama ya betri inaniambia imechomekwa lakini haichaji.

Niliteremka Mtwara mjini kwa fundi. Alijaribu chaja nyingine yenye wati sawa, ikawa vilevile. Akaniwekea Windows upya, ikawa vilevile. Mwisho akasema betri imechoka, ninunue nyingine kwa shilingi 130,000. Simlaumu, kwa betri ya mtumba hilo ndilo jambo la kwanza linalokuja kichwani, na mimi mwenyewe nilishaanza kutenga hiyo hela.

Kabla sijalipa nilimpigia mtoto wa kaka yangu, anayesoma mambo ya kompyuta chuoni.

“Shikamoo shangazi.”

“Marahaba. Hii betri inanisumbua, haijai.”

“Inasimama ngapi?”

“Themanini. Siku nyingine sitini na kitu.”

“Imewahi kupita themanini hata siku moja?”

“Haijawahi.”

“Na ikishuka sana, tuseme thelathini, ukiichomeka?”

“Hapo inachaji vizuri tu, mpaka themanini.”

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Shangazi, usinunue betri. Hiyo imeamriwa isimame.”

Alinieleza jambo ambalo nadhani kila mwenye laptopu ya mtumba angepaswa kulijua. Ile asilimia haipimwi kwa ukubwa wa betri ilipotoka kiwandani. Inapimwa kwa kile ambacho betri inaweza kubeba sasa. Kwa hiyo hata betri iliyozeeka kawaida huandika 100, ila hiyo 100 inaisha upesi. Betri inayosimama kila mara kwenye namba ileile, tena namba nzima kama 60 au 80, mara nyingi imewekewa kikomo na mtu. Na kwa kuwa Windows ilishabadilishwa na kikomo kikabaki, basi amri hiyo haikukaa kwenye Windows. Ilikuwa ndani zaidi.

Tukaifuata kwa simu. Nikazima laptopu, nikaiwasha huku nikigonga F2 mfululizo mpaka ikafunguka BIOS, yaani mipangilio ya ndani ya laptopu inayotangulia Windows. Humo nikaingia Power Management, kisha Primary Battery Charge Configuration. Palichaguliwa Custom: anza kuchaji 50, acha 80. Hapo ndipo nilipoielewa ile 65 iliyokuwa ikinitia wasiwasi kuliko hata 80. Ilikuwa juu ya 50, kwa hiyo laptopu haikuona sababu ya kuanza kuchaji. Nikabadilisha kuwa Standard, nikahifadhi, nikatoka. Jioni hiyo niliona 81 kwa mara ya kwanza tangu niinunue, nikakaa nayo mpaka ikafika 100.

Aliyeweka kikomo hakukosea. Laptopu ya ofisini hukaa kwenye umeme kutwa, na betri za lithiamu huchakaa haraka zikikaa zimejaa muda mrefu, hasa penye joto. Ofisi inayotaka betri zidumu inaziwekea 80. Tatizo ni kwamba laptopu ikiuzwa amri inaondoka nayo, na mnunuzi hana wa kumwambia.

Mpwa wangu alinitaka nifanye jambo moja zaidi, na ninamshukuru kwa hilo. Nilifungua Command Prompt, lile dirisha la Windows la kuandikia amri, nikaandika powercfg /batteryreport. Laptopu ikatengeneza ripoti, faili linalofunguka kama ukurasa wa intaneti. Mstari wa Design Capacity ulisema 68,000 mWh (kipimo cha umeme ambao betri inabeba), ndiyo betri ilipokuwa mpya. Mstari wa Full Charge Capacity, yaani inachobeba sasa ikijaa, ulisema 44,200. Yaani betri yangu ina asilimia 65 ya nguvu zake za ujanani. Kwa hiyo fundi hakuwa amekosea kabisa: imechoka, ila haijafa. Kwa kazi yangu ya kuandika tu, skrini nikiwa nimeipunguza mwanga, inanipa saa nne. Kwa kikomo cha 80 nilikuwa napata kama tatu na dakika chache. Hizo dakika hamsini kwangu ni wakulima wengi.

Karani mwenzangu wa Tandahimba ana Lenovo, yake ilikuwa inagota kwenye 60. Yeye hakuhitaji hata kuingia BIOS. Alifungua programu ya Lenovo Vantage akakuta Conservation Mode imewashwa, akaizima. Lakini kama yako inasimama 97 au 98, iache. Laptopu nyingi hazianzi kuchaji tena mpaka zishuke chini kidogo, na hilo halina madhara.

Zile 130,000 sikuzitumia. Nimeziweka, maana Full Charge Capacity naiangalia kila mwezi na ikishuka chini ya 34,000 nitanunua betri kweli. Korosho zikiisha laptopu inakaa mezani imechomekwa, kwa hiyo mwezi wa pili nilirudisha kikomo kilekile nilichokikuta, 50 na 80. Nimekiandika kwenye kalenda ya ukutani nisisahau kukiondoa mwishoni mwa Septemba.