Nywele, majani makavu na biwi langu la mboji Kitangiri

Saluni ya kiume ikifungwa usiku, kinachobaki sakafuni ni nywele. Wateja wengi hawajawahi kujiuliza zinakwenda wapi. Wachache huuliza, tena kwa sauti ya chini: "Kaka, nywele zangu huwa unazipeleka wapi?" Hawaulizi kwa ajili ya usafi wa mji. Wanahofia zisije zikaokotwa na mtu mwenye nia yake, zikafika kwa mganga. Hii ni Kanda ya Ziwa, swali hilo silicheki. Siku hizi najibu kwamba zinakwenda kuoza nyumbani kwangu, zimechanganyika na za kila aliyekalia kiti hiki, na hakuna mganga wa kuzichambua. Wengi huridhika. Yuko mmoja aliyetaka zake afungiwe kwenye mfuko aondoke nazo, nikamfungia.

Saluni iko Kirumba, nyumbani ni Kitangiri, upande wa mlimani ambako kuta za nyumba zimeegemea mawe makubwa ya graniti yaliyokuwepo kabla ya yeyote wetu. Mwanza wanaiita jiji la miamba na wageni huyapiga picha mawe hayo. Mwenye bustani anayaona kwa jicho jingine. Udongo wa mlimani huku ni hayo mawe yenyewe yaliyosagika: mchanga mkubwa mkubwa, mwepesi, rangi ya kijivu. Wazee wa Kisukuma huuita luseni. Ukienda bondeni kwenye mbuga, kule wanakolima mpunga, unakuta udongo mweusi unaoshika maji mpaka jembe linakwama. Huku kwetu unamwaga ndoo nzima kwenye tuta la mchicha, unageuka kuifuata ndoo ya pili, tuta limeshakauka.

Nilianza na urea kama kila mtu. Mchicha ulikuwa kijani kwa muda, mvua ikapiga, ukapauka. Hilo halina uchawi: urea huyeyuka kwenye maji, na mchanga hauna cha kuizuia. Inashuka na maji kupitia mitaro mpaka ziwani, ikanenepeshe magugu maji. Yaani unanunua mbolea kwa hela yako, unalisha gugu ambalo wavuvi wanalilaani. Kichanga kinahitaji kitu cha kushika maji na chakula cha mmea, na kitu hicho ni mboji, yaani majani na mabaki yaliyoozeshwa kwenye biwi. Ndiyo maana sipendi mboji iitwe mbadala wa mbolea ya dukani. Hata ukiwa na hela ya mbolea, kwenye mchanga kama huu utaihitaji mboji ili mbolea yenyewe isikukimbie.

Sasa, ukisoma maelezo ya kutengeneza mboji, karibu yote yanakuhimiza kukusanya mabaki ya jikoni. Kwa Mwanza hilo ndilo jambo rahisi kuliko yote. Vitu vibichi vimejaa kila kona. Kuna maganda ya ndizi zinazoshuka na meli kutoka Bukoba, maganda ya viazi na mihogo kwa mama lishe, majani ya kabeji sokoni, na maembe yaliyooza chini ya miti msimu ukifika. Lakini mboji inataka vibichi na vikavu pamoja, na kinachokosekana ni kikavu. Na kinakosekana kwa sababu tunakichoma! Kila asubuhi mtaani kwetu fagio linapita, majani yanakusanywa kwenye kona, kiberiti kinawashwa, mara nyingi pamoja na mifuko na chupa za plastiki, na moshi unaingia kwenye nyumba za watu ambao hawajaamka. Baada ya hapo anayechoma analalamika kwamba ardhi yake imechoka.

Nilibishana na bibi jirani yangu juu ya hili, kwa heshima zote. Hoja yake ni kwamba majivu nayo ni mbolea. Nikamkubalia: majivu yana potasiamu na chokaa, na mimi mwenyewe hunyunyiza kidogo kwenye biwi, ingawa yakizidi yanaharibu udongo. Ila nitrojeni imepanda na moshi, na kaboni nayo imepanda na moshi, na kaboni ndiyo ingegeuka kuwa ile hali nyeusi inayoshika maji kwenye mchanga. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniita mwanangu kwa Kisukuma, "Ng'wanawane, basi njoo ufagie wewe." Nikafagia. Tangu hapo majani ya mwembe wake ni yangu, na yeye hachomi tena.

Kwa hiyo sheria yangu ya kwanza ni kuweka akiba ya vikavu kabla ya kuanza biwi lenyewe. Viroba vya majani vinakaa nyuma ya nyumba vikisubiri. Majani ya mwembe ni mazito na yanashikana yakilowa, hivyo nayakatakata kwa panga au nayavunjavunja yakiwa yamekauka kabisa. Ya mjohoro ni madogo, hayasumbui. Ya mkaratusi sichukui mengi, yana mafuta yanayochelewesha kuoza. Kwa mafundi seremala naokota maranda, ila nauliza kwanza ni mbao gani. Za dawa na zile za kubandikwa kwa gundi naziacha. Kwenye mashine za kukoboa mpunga zipo pumba ngumu. Hizi zina ukaidi wa kuoza, lakini zinaacha nafasi za hewa ndani ya biwi, na hewa ndiyo inayozuia uvundo. Makatoni nayachana vipande, nikishabandua utepe wa plastiki wenye gundi.

Mahali pa biwi sikujenga. Mawe mawili makubwa yameachana kiasi cha hatua moja na nusu, nyuma yake kuna la tatu, tayari una kuta tatu ambazo hazitaliwa na mchwa. Ukubwa unaofaa ni kama mita moja kila upande, kwenda juu vilevile. Likiwa dogo sana joto linatoroka, likiwa kubwa sana katikati hakuna hewa. Chini nilitandika vijiti na mabua ya mahindi ili hewa ipite, kisha tabaka za vikavu na vibichi zikifuatana. Kwa macho, napima ndoo mbili mpaka tatu za vikavu kwa ndoo moja ya vibichi. Wataalamu huhesabu kwa kaboni na nitrojeni, takriban sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa sehemu moja ya nitrojeni, na ndoo zangu zinakaribia hapo bila mahesabu. Kati ya tabaka narusha samadi ya ng'ombe kiasi, ili vijidudu wa kuozesha wapate pa kuanzia.

Na hapo ndipo nywele zinapoingia. Karibu asilimia 15 ya uzito wa nywele ni nitrojeni, wakati samadi kavu ya ng'ombe mara nyingi ni kama 2 tu. Nikifikiria ni nywele ngapi za Kirumba zimetupwa dampo, naumia. Lakini zina masharti. Kwanza wembe: sakafu ya kinyozi ina vipande vya nyembe, kwa hiyo nyembe zinaingia kwenye kopo lake papo hapo, na bado kabla ya kufunga napitisha sumaku ya spika mbovu juu ya nywele. Pamba yenye spiriti haiingii, wala nywele zilizotiwa piko. Rasta na mawigi kutoka saluni ya kina dada mlango wa pili ni plastiki tupu, hayo yatakuzika wewe na wajukuu zako. Halafu zinyunyizwe kama chumvi kwenye mboga. Ukizimwaga kwa fungu zinajisokota, zinakataa maji, na baada ya miezi unazikuta vilevile. Hata ukizinyunyiza vizuri, zinaoza taratibu, na kwenye mboji iliyoiva utaona uzi uzi huku na huko. Ziache ziendelee kuozea kwenye tuta.

Watu huniuliza kuhusu samaki, maana hapa samaki ndiye kila kitu. Mapanki, ile mifupa na vichwa vya samaki, siweki. Yangeoza vizuri tu, tatizo ni mbwa wa mtaa mzima, paka, na wale korongo wakubwa wenye vipara wanaoshinda soko la samaki la Mwaloni. Ninachoweka ni vumbi la dagaa, zile chenga zinazobaki chini ya gunia. Nazifukia katikati kabisa na kuzifunika kwa vikavu vya kutosha. Kwenye bustani za huku, chenga hizo ni nguvu.

Magugu maji nayo yanatajwa sana. Yalionekana Ziwa Victoria miaka ya 1980 ikielekea mwisho, na mpaka leo upepo unaweza kuyasukuma yakajaza mwalo mzima. Ni kweli yanafaa kwa mboji, lakini zaidi ya tisa ya kumi ya uzito wake ni maji, kwa hiyo ukijaza toroli umebeba maji. Mimi huwa nayaomba kwa wavuvi wanaoyavuta nchi kavu, nayaacha juani mpaka yasinyae na kuwa meusi, ndipo nayabeba. Kunyausha kunasaidia pia yasichipue, kwani kipande chenye shina kikibaki na unyevu kinaweza kuanza upya. Karibu na Mto Mirongo unakoingia ziwani siyachukui kamwe. Gugu hili hufyonza metali nzito zilizomo kwenye maji, na mto ule unapita katikati ya jiji zima na uchafu wake. Sitaki kuurudisha kwenye mnafu wa wanangu. Na usiingie majini pekupeku kuyafuata. Kichocho cha ziwa hili hakina mchezo.

Biwi likishapangwa vizuri, linapata moto lenyewe. Nina kipande cha nondo nimekichomeka katikati. Nakivuta, nakishika. Kikiwa cha moto kiasi cha kuniachisha upesi, nafurahi: joto la nyuzi 55 na kuendelea ndilo linaloua mbegu za magugu na vimelea vingi vinavyokuja na samadi. Kikianza kuwa vuguvugu, ni wakati wa kugeuza, vya nje viende ndani na vya ndani vitoke nje. Kikipoa wakati vitu bado ni vibichi, huwa ni ukavu au hewa imekwisha. Unyevu naupima kwa kukamua konzi moja: mkono ulowe, pengine litoke tone au mawili. Yakichuruzika, naongeza maranda. Likinuka kama yai viza ni hivyohivyo, vikavu na kugeuza. Sijaona dawa nyingine ya harufu.

Kiangazi, Juni mpaka Septemba, biwi linakauka upesi sana, nalimwagia maji ya kuoshea mchele na mboga. Masika ni kinyume chake, nalifunika kwa bati chakavu lenye jiwe juu, vinginevyo mvua inalikamua utamu wote. Kuku wazuiwe, watalisambaza asubuhi moja. Mijusi wale wa mawe wenye vichwa vyekundu na mwili wa buluu wanaachwa. Wamelifanya biwi kuwa hoteli, wanakula wadudu kutwa, na sijawahi kuwaona wakiharibu chochote.

Ukigeuza bila uvivu, miezi miwili mpaka mitatu inatosha, majani magumu yakibaki yanarudi kwenye biwi linalofuata. Naipitisha mboji kwenye chekecheke la wavu wa fundi ujenzi. Kwenye tuta naiweka nene kama upana wa vidole vinne, naichanganya na mchanga wa juu tu. Sasa hivi kuna mchicha, mnafu na matembele, na mpapai mmoja uliojiotea kutokana na mbegu iliyokwepa joto. Kumwagilia asubuhi kunatosha hadi jioni. Zamani nilimwagilia mara mbili na bado majani yalilegea saa sita.

Ukitaka kuanza, Julai na Agosti ni nzuri: majani makavu ni mengi, na mboji itakuwa tayari mvua za vuli zikifika. Mimi ndipo ninapoanza biwi jipya, na vikavu bado havinitoshi. Kwa hiyo kama uko Kitangiri au Kirumba na umefagia uwanja wako, weka kiberiti mfukoni. Funga majani kwenye kiroba, toa mifuko ya plastiki, uniambie ukija kunyoa. Jumatatu saluni haina watu wengi, napita na toroli.